Nilishindwa Kumwambia Akunje Ndita

Ninyi mnaosomea uuguzi hapa Arlington mmenialika mara tatu nije niwafundishe kuchoma sindano ya ndita, na mara zote tatu nimewajibu kwamba mgongo unaniuma. Mgongo unauma kweli, sikuwadanganya. Lakini mgongo haumzuii mtu kukaa kwenye kiti akaongea, kwa hiyo nimeona niandike. Mkimaliza kusoma mtajua kwa nini bomba lile la sindano sitaki kulishika tena, hata kwa kuonyesha tu.

Nianze na walio wageni wa mambo haya. Ndita ni ile mikunjo inayosimama katikati ya nyusi mtu akikasirika, au akisoma barua ya watu wa kodi. Iko dawa ya kulegeza misuli ya pale. Ukiichoma inavyotakiwa, misuli inalala miezi mitatu, minne, na ngozi ya juu yake inanyooka. Mimi nilianza kufanya kazi kwa madaktari wa kutengeneza nyuso miaka ya tisini ikielekea mwishoni, kwanza Houston, halafu Dallas. Wakati huo sindano ilikuwa ngeni, na madaktari wenyewe walikuwa bado wanajifunza kuioanisha na kisu.

Kwa nini vyote viwili? Kwa sababu kila kimoja kina eneo lake. Upasuaji wa kuvuta uso unainua mashavu yaliyoshuka, taya na shingo. Daktari anapasua mbele ya sikio na nyuma yake, anavuta, anakata ngozi iliyozidi, anashona. Lakini ndita haivutiki hivyo, maana inatengenezwa na misuli inayojikunja siku nzima. Nimewaona wanawake waliotoka kwenye upasuaji na mashavu ya msichana na paji la uso la hakimu. Basi kisu kinafanya kazi chini, sindano juu. Na sindano itangulie kama wiki mbili, ili siku ya kisu dawa iwe imeshashika, na daktari aone uso umetulia vipi kabla hajaamua akate nini. Hilo la mwisho msilisahau, ndilo lililoniletea balaa.

Aliyenifundisha kazi ni Miss Loretta, muuguzi mkuu wa kliniki ya Houston. Alikuwa mama mweusi wa Texas ya mashariki, mwembamba, miwani imening'inia kwa mnyororo kifuani. Kule mtu mzima huitwa Miss na jina lake la kwanza, na ukimjibu "yeah" badala ya "yes, ma'am" unatazamwa mpaka ujirekebishe. Nilijisikia nimefika nyumbani. Siku ya kwanza akanipa kichupa cha dawa. Dawa yenyewe ni unga mkavu ulioganda chini ya chupa, hata huuoni vizuri, na kazi yako ni kuongeza maji ya chumvi. Nikaongeza, nikatikisa kama dawa ya kikohozi ya mtoto. Kikajaa povu, na povu linaiharibu dawa. Miss Loretta akakichukua mkononi mwangu, akakitupa kwenye ndoo ya sindano zilizotumika, akaniletea kingine. Cha pili nikayateremsha maji taratibu kwenye ukuta wa chupa, nikakizungusha kidogo tu kati ya viganja.

"Sasa nenda ukale," akaniambia. Ilikuwa saa tisa alasiri na chakula cha mchana kilikuwa kimeshatupwa.

Alinifundisha pia namna ya kuuliza. Ukimwuliza mgonjwa kama anatumia dawa yoyote, atasema hapana. Mwulize asubuhi anaanza na nini. Hapo utasikia vidonge vya mafuta ya samaki, aspirini ya kila siku kwa ajili ya moyo, na kwa watu wetu utasikia tangawizi na kitunguu saumu kibichi, ambavyo hakuna anayeviita dawa. Vyote hivyo vinazuia damu isigande upesi. Damu ikivilia chini ya ngozi ya uso uliotoka kushonwa, mnarudi na mgonjwa mezani mkikimbia. Nimekimbia mara mbili katika maisha yangu na sikutaka kukimbia mara ya tatu.

Halafu kuna masharti ya baada ya sindano. Kwa muda wa saa nne mtu asilale, asiiname, asijisugue uso. Mzee mmoja wa visima vya mafuta alikuja na kofia yake kubwa ili asijulikane, tukamchoma, tukampa masharti. Baada ya nusu saa akapiga simu kutoka kwenye gari akiwa na hasira. Buti zilikuwa zinambana, na kuzivua kunataka kuinama. Miss Loretta akamwambia ana mke. Mzee akasema mke hajui kama amekuja. "Basi leo atajua, au utalala na buti zako," Miss Loretta akamjibu, akakata simu. Wiki ya pili mke naye akaja kuandikisha jina.

Lakini somo lake kubwa lilikuwa hili: usichome uso ambao hujauona ukifanya kazi. Zamani kidogo daktari wetu wa Houston alikuwa akiichoma dawa mgonjwa akiwa tayari kwenye usingizi wa upasuaji, ili mambo yaishe kwa mkupuo mmoja. Mtu aliyelala hakunji ndita. Mashavu yanadondoka kuelekea masikioni, nyusi zinapanda, wewe unabahatisha. Baada ya wachache kuamka na paji lililokwenda upande, akaacha. Tangu hapo mgonjwa anakaa wima, macho mbele, tunamwambia akunje uso kwa nguvu zake zote. Tunaona msuli unapovimba, tunatia nukta za kalamu hapo, ndipo tunachoma. Ukishuka mno karibu na jicho, dawa inapenya mpaka kwenye msuli unaoinua kope la juu, na kope linashuka. Haliharibiki. Baada ya wiki kadhaa nguvu ya dawa ikipungua linarudi lenyewe. Ila wiki zote hizo mgonjwa atakutazama kwa jicho moja na nusu.

Wanawake wa Texas hawakunipa shida katika hilo. Ukiwaambia wakunje uso walikunja mpaka ukajiuliza umewakosea nini.

Nilipohamia Dallas nilikuwa na watoto wawili wadogo, mume aliyebaki Houston kwa sababu zake, na jina la mtu mmoja tu kwenye karatasi. Mtu huyo ni Mama Eliza. Alikuwa mama wa Kitanzania, mjane, aliyekuwa amekaa Cedar Hill, kusini mwa Dallas, miaka mingi, anafanya kazi ya mapokezi katika ofisi ya bima. Hatukuwa na udugu wa damu. Shangazi yangu alisoma naye, basi. Alinipokea na masanduku yangu, akatupa chumba cha bintiye aliyekwenda chuo, tukakaa kwake miezi minane. Alinifundisha kuendesha gari kwenye uwanja wa kanisa Jumapili baada ya ibada, ameshika breki ya mkono muda wote kwa mikono miwili. Watoto wangu walimwita Bibi, kisha wakaendelea na Kiingereza chao, naye akawajibu kwa Kiswahili mpaka wakachoka.

Nilipopata kazi kwenye kliniki ya Dallas nikahamia Vickery Meadow, kwenye zile nyumba za ghorofa zilizobanana, kwa sababu treni ilikuwa karibu. Kazi ilikuwa siku tano, na Jumamosi nzima nilihudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea. Wenye kliniki ndio waliokuwa wameniandikia maombi ya makaratasi ya kukaa nchini. Wakiniachisha, maombi yanakufa, na mimi na watoto tunaanza kufikiria ndege. Nawaambia haya ili mjue nilivyokuwa nimechoka. Nilikuwa nimechoka kiasi cha kuona kila kitu kinachoweza kusubiri basi kisubiri.

Mama Eliza akaja kliniki kwa miguu yake. Sikumwita. Uso wake ulikuwa umeshuka mashavuni, na katikati ya nyusi palikuwa na ndita mbili nzito, za kurithi nadhani, maana mwenyewe hakuwa mtu wa hasira. Kazini kila anayeingia alimwuliza ana nini leo. Bosi mpya alishamwambia mara mbili ajitahidi kuonekana mchangamfu, na maneno ya kumhamisha kwenye chumba cha mafaili nyuma yalikuwa yameanza. Daktari akamwangalia dakika kumi akapanga: sindano kwanza, baada ya wiki mbili kisu. Sindano akanipa mimi, maana kwa wakati huo alikuwa ananiamini.

"Shikamoo, Mama," nikamwambia alipoingia chumbani.

"Marahaba, mwanangu. Kumbe wewe ndiye utakayenichoma? Basi nimepona."

Tunaanza na picha, mbele na ubavuni, ili daktari awe na kumbukumbu ya uso ulivyokuja. Mama Eliza alilelewa nilivyolelewa mimi: ukitazamwa sana, unashusha macho. Kila nilipobonyeza, kope zake zote mbili zilikuwa chini. Nikamwomba atazame kamera, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi. Akatabasamu, akashusha tena. Nikaziacha picha hivyo hivyo.

Halafu nikamkalisha wima, nikachukua kalamu.

"Mama, naomba ukunje ndita."

"Nimkunjie nani?"

"Mimi, Mama. Kwa nguvu. Kama umenikasirikia."

Akajaribu. Nyusi zikasogea kidogo, mdomo ukamponyoka, akacheka. "Siwezi. Mtoto ameniamkia vizuri, halafu nimkunjie uso? Ni mambo gani hayo. Wewe choma tu, si unazijua zilipo?"

Nikacheka naye. Hapo ndipo nilipokosea, wanangu, na mkono wenyewe ulikuwa bado haujakosea. Kumwambia mama aliyekulaza kwake miezi minane kwamba hapana, rudia, kunja zaidi, bado, kunja tena, kulinishinda. Leo ningempa kioo nikamwambia amkunjie huyo aliyemo humo. Au ningetoka nikamwita muuguzi mwingine, Mmarekani asiyejua shikamoo, akamfokea kidogo kazi ikaenda. Siku hiyo nilikadiria. Nilitia nukta pale zinapokuwa kwa wanawake wengi, nikachoma. Kwenye fomu kuna mahali panapouliza kama mgonjwa amekunja uso na misuli ikaonekana. Nikaweka alama ya ndiyo, kwa sababu fomu isiyo na alama inarudishwa.

Siku ya nane akanipigia simu. "Mwanangu, jicho la kulia linasinzia. Nimelala vizuri lakini lenyewe halitaki kuamka."

Nilijua palepale. Nikamwambia litarudi baada ya wiki kadhaa, asiogope. Na hilo lilikuwa kweli. Nilichopaswa kufanya asubuhi yake ni kumwambia daktari, na hicho sikukifanya. Nilijiambia atamwona mwenyewe siku ya kumpima. Daktari si ana macho?

Siku ya kumpima ikafika, siku tatu kabla ya kisu. Daktari alikuwa mrefu, mpole, mwenye haraka ya kudumu. Akamshika Mama Eliza kidevu, akamgeuza kwenye mwanga, akasimama kwenye jicho la kulia.

"Ma'am, jicho hili lilikuwa hivi ulipokuja kwetu?"

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake na faili mkononi. Nilifungua mdomo, sijui ningesema nini. Mama Eliza akanitangulia.

"Tangu nikiwa msichana, daktari," akasema kwa Kiingereza, bila kupepesa. "Kwetu tuko hivyo. Hata mama yangu."

Daktari akaomba picha. Nikampa. Kwenye picha zote kope zilikuwa chini, za pande zote mbili. Akaitikia kwa kichwa, akaandika. Kwa kuwa tunamfungua uso hata hivyo, akasema, tutapunguza na ngozi ya kope hilo, ni kazi ya dakika chache.

Naomba mwelewe maana yake. Kope la Mama Eliza halikuwa na ngozi iliyozidi. Lilikuwa limelegezwa na dawa yangu, na dawa ingeisha. Ukikata ngozi kwenye kope lililolegea, halafu msuli ukaamka, kope linakuwa fupi na jicho halifungi. Mtu analala jicho wazi. Linakauka, linapata vidonda, mwisho anaweza kupoteza kuona. Hayo nilikuwa nayajua yote nikiwa nimesimama pale na faili.

Nilimfuata kwenye maegesho.

"Mama, kwa nini umesema vile?"

"Ulitaka niseme nini? Kwamba wewe ndiye umeniharibu? Makaratasi yako si wanayo hawa? Waki-cancel utakwenda wapi na watoto?"

"Wanataka kukata kope. Jicho halitafunga, Mama."

"Litafunga. Mimi ni mtu mzima, nimeshaona mengi kwa macho haya. Wewe bado una safari." Akafungua mlango wa gari. "Na usiende kusema kitu. Nimeshasema mimi, yameisha. Unataka nionekane mwongo?"

Hakuniamini kuhusu jicho. Alifikiri namhurumia, ndiyo maana naongeza chumvi. Nami sikumshika mkono nikamweleza polepole, kwa sababu sehemu ya moyo wangu ilikuwa imeshapumua aliposema yameisha. Hilo linaniuma kuliko kosa la mkono. Nilipanda treni kurudi nyumbani nikiwa mwepesi, wanangu, mwepesi kabisa, mpaka kituo cha tatu hivi.

Siku tatu hizo nilifanya kazi kama kawaida. Nilipika ugali ukawa maji, mwanangu wa kwanza akaniuliza, "Mom, are you sick?" nikamwambia ale. Nilijipa sababu nyingi. Huenda daktari atagundua mwenyewe. Huenda dawa itaisha mapema. Huenda atakata kidogo tu. Kila sababu nilikuwa naijibu mwenyewe kabla haijafika mwisho, maana Miss Loretta alinifundisha vizuri mno.

Asubuhi ya kisu nikamvisha Mama Eliza gauni la kliniki, nikampima presha. Ilikuwa juu kidogo. Akaniambia yuko sawa, ni kahawa, ingawa hakuruhusiwa kunywa chochote na hakuwa amekunywa. Daktari akaingia na kalamu yake ya zambarau. Kuchora ni lazima mgonjwa awe amekaa, kabla ya dawa ya usingizi. Akachora mbele ya sikio la kulia, nyuma yake, akashuka chini ya taya. Akahamia kushoto. Mimi nilishika taa. Halafu akamwambia afumbe macho, akachora juu ya kope la kulia kipande chembamba cha mwezi.

Nilisubiri mpaka akamaliza kuchora. Sipendi kusema hivyo lakini ndivyo ilivyokuwa. Kulikuwa na nafasi nyingi za kusema kabla, nami nikasubiri mpaka wino ukakauka kwenye ngozi yake.

"Daktari," nikasema, "jicho hili halikuwa hivi. Nimelishusha mimi kwa sindano."

Akafunika kalamu. Akaomba fomu. Nikampa.

"Hapa umeandika kwamba alikunja uso, misuli ikaonekana."

"Hakukunja. Na picha zile alikuwa ametazama chini. Sikumsisitizia atazame juu."

"Kwa nini?"

"Niliona haya."

Alinitazama kama mtu aliyeletewa chakula alichokuwa hajaagiza. Kiingereza hakina namna nzuri ya kueleza haya ya aina ile, au mimi sikuwa nayo. Akachukua pamba yenye spiriti akaanza kufuta mistari usoni mwa Mama Eliza yeye mwenyewe, taratibu, akianza na kope.

Yaliyofuata niwaambie kwa kifupi. Upasuaji ukaahirishwa. Jicho lilifunguka lenyewe kwenye wiki ya saba, likawa sawa na mwenzake. Mwaka uliofuata akafanyiwa kisu bila kuguswa kope, sindano akachomwa na mwingine, na akatoka vizuri kweli, mpaka watu wa kanisani wakamwuliza amekwenda likizo wapi. Lakini kwa wakati ule alikuwa ameshahamishiwa chumba cha mafaili. Mimi nilitolewa kwenye sindano, nikapelekwa kuosha na kuchemsha vyombo vya upasuaji. Maombi ya makaratasi hawakuyafuta, sijui kwa nini, na sikuuliza. Yalipotoka nikahamia kliniki ya kusafisha figo, nikakaa huko mpaka nilipostaafu. Figo hazina haja ya kukunjiwa uso.

Nikisimulia mpaka hapo nilipofika, watu huniambia nilikuwa jasiri. Kuna mchungaji mmoja aliwahi hata kukitumia kisa hiki kwenye mahubiri bila kunitaja jina. Ndiyo maana nimechoka kukisimulia kwa mdomo, kwa sababu kwa mdomo huwa naishia hapo. Na mkichukua kitu kutoka kwangu, chukueni kwanza hili la kazi: mgonjwa anayetoka kwenu, mnayemwita mama au mjomba, msumbueni kuliko mnavyomsumbua mgeni. Mwambieni atazame juu. Mwambieni arudie. Ataona mmekosa adabu, na mtamwomba radhi baadaye akiwa na macho yake mawili.

La pili si la kazi. Asubuhi ile, baada ya kufuta mistari, daktari alivuta kiti cha magurudumu akakaa mbele ya Mama Eliza. Hakuwa na hasira. Alitaka tu kuelewa.

"Ma'am, uliniambia jicho lako liko hivyo tangu utoto. Ningekukata. Kwa nini uliniambia hivyo?"

Mama Eliza alikuwa na alama za zambarau bado chini ya taya. Akanionyesha kwa kidevu. "She is my child," akasema.

Daktari akageuka kwangu, akageukia faili, akapekua ukurasa wa kwanza kule kwenye majina ya ndugu wa mgonjwa. Kliniki ilikuwa na kanuni kwamba muuguzi hamhudumii mtu wa familia yake. Akificha, anafukuzwa siku hiyohiyo. Kosa langu la kwanza alikuwa amelimeza, nililiona usoni mwake. La pili lisingemezeka.

"Ninyi ni ndugu?" akaniuliza.

Ningeweza kusema ni mama yangu kwa namna yetu. Ningeweza kumweleza habari za shangazi, za chumba cha Cedar Hill, za breki ya mkono. Nilikuwa na pumzi moja tu na nilikuwa nimechoka.

"No, sir," nikasema. "Namfahamu tu."

Daktari akaandika, akatoka. Nikapiga magoti kumvalisha Mama Eliza viatu, maana gauni lile liko wazi nyuma, mtu anaogopa kuinama. Hakuuvuta mguu. Aliniacha nimvalishe vyote viwili na kuvifunga, kisha akasimama, akachukua mkoba na nguo zake akabadilishe, na kwa Kiingereza, lugha ambayo hakuwahi kuongea nami hata siku moja, akasema, "Thank you, nurse."